Mzazi una presha ya kupanda? Hivi ndivyo utakavyoifuatilia ya mwanao

Mwanangu alikuwa na miaka saba siku nilipomfunga mkanda wa mashine yangu ya presha kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimemaliza kujipima asubuhi, yeye akanyoosha mkono: "Na mimi." Ule mkanda ulimzunguka karibu mara mbili na kumfunika toka kwapani mpaka kwenye kiwiko. Mashine ikanguruma, ikalia, ikaandika 88 kwa 50. Nikafurahi. Furaha hiyo niliishi nayo miezi kadhaa, hadi nesi mmoja aliponiuliza nilitumia mkanda gani. Nikamwonyesha ukubwa wake kwa mikono, akacheka. Mkanda mkubwa kuliko mkono hudanganya kwa kushusha namba. Akachukua mkanda mdogo, akampima upya: 109 kwa 70.

Hizo 109 nitazirudia. Kwanza tuelewane juu ya kinachorithiwa, maana hapo ndipo wazazi wengi tunapoanza vibaya, ama kwa hofu, ama kwa kupuuza.

Presha hairithiwi kama kundi la damu, kwamba ukipewa umepewa. Mtoto hurithi mwelekeo: jinsi figo zake zinavyong'ang'ania chumvi, jinsi mishipa yake inavyokaza. Tafiti za mapacha na za familia huweka mchango wa ukoo kwenye takribani theluthi moja hadi nusu ya tofauti za presha kati ya mtu na mtu. Sehemu iliyobaki ni chumvi, uzito, usingizi, kuchezacheza au kukaa tu, na jinsi mtoto alivyokua tumboni. Huko Montreal, Kanada, watafiti waliwahi kulinganisha watoto wa kuzaa na watoto wa kulea. Presha ya mtoto wa kuzaa ilifuatana na ya wazazi wake kwa karibu zaidi. Damu ina neno lake, basi, ingawa halimalizi mazungumzo.

Mtoto wa mwenye presha hawi mgonjwa kwa sababu hiyo. Ila namba zake hazifai kukisiwa, na kupima ovyo, kama nilivyofanya mimi, ni kukisia kwa mashine.

Hatua ya kwanza: andika presha ya kwenu ilivyoanza

Kabla hujamgusa mtoto, kaa na karatasi. Waandike wazazi wote wawili, babu na bibi wa pande zote mbili, na ndugu wa mtoto. Kwa kila mwenye presha uliza: ilimwanza akiwa na miaka mingapi? Aliambiwa inatokana na nini? Amewahi kupata kiharusi, ugonjwa wa figo au wa moyo?

Umri ndio swali lenye uzito kuliko yote. Kuna mji mdogo wa Marekani uitwao Framingham ambako wakazi walianza kufuatiliwa mwaka 1948, watoto wao wakaandikishwa mwaka 1971, na wajukuu mwaka 2002. Vizazi hivyo vilipolinganishwa, presha iliyowaanza wazazi kabla ya miaka 55 ndiyo iliyoonekana wazi kuwafuata watoto. Ile iliyokuja uzeeni haikuwa na nguvu hiyo. Kwa hiyo bibi aliyeanza presha akiwa na miaka 72 na baba aliyeanza vidonge akiwa na 34 wasiandikwe kwenye mstari mmoja kana kwamba ni habari moja. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, uzito unazidi.

Sababu nayo usiiruke. Watu wazima wengi wenye presha hawana chanzo kimoja kinachoshikika, lakini wachache wanacho, na baadhi ya vyanzo hivyo hurithiwa moja kwa moja. Mfano ni ule ugonjwa wa figo kujaa vifuko vya maji ambao kwa kawaida hujitokeza ukubwani: mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kuuchukua, na presha inaweza kutangulia dalili nyingine. Yapo pia magonjwa adimu ya homoni na ya figo kushindwa kumudu chumvi, yanayompandisha mtu presha angali kijana mdogo, mara nyingi potasiamu ikiwa chini kwenye damu. Ukiona kwenye karatasi yako vijana wenye presha kali kizazi baada ya kizazi, au viharusi vya watu ambao hawajazeeka, karatasi hiyo iende kwa daktari hata kama namba ya mtoto ni nzuri.

Nakushauri usijaze peke yako. Mimi nilikuwa nikiamini presha ya kwetu ilianzia kwa baba. Shangazi ndiye aliyenikumbusha kwamba bibi mzaa baba "alikatika ghafla jikoni" akiwa hajafika hamsini. Hakuna aliyewahi kulitaja hilo kuwa ni kiharusi.

Hatua ya pili: ongeza historia ya mtoto mwenyewe

Hapa ni haraka. Alizaliwa na uzito gani, na mimba ilikuwa na wiki ngapi? Mtoto aliyezaliwa njiti au mdogo kuliko kawaida huanza maisha na vichujio vichache kwenye figo, na hilo humsogeza kidogo kuelekea presha. Mama alipata presha ya ujauzito au kifafa cha mimba? Mtoto aliwahi kuugua figo, au kupata maambukizi ya mkojo ya kurudiarudia? Anakoroma usiku na kushtuka kana kwamba pumzi imekatika? Uzito wake umepita urefu wake?

Kisha dawa. Dawa za kuzibua pua, steroidi za muda mrefu, baadhi ya dawa za maumivu, dawa za kumtuliza mtoto asiyeweza kukaa na kusikiliza, na vidonge vya uzazi wa mpango kwa msichana, zote zinaweza kuinua presha. Usiziache kwa uamuzi wako, ila zitaje.

Hatua ya tatu: jua aanze lini

Mwongozo wa mwaka 2017 wa chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, ambao hutumika hata nje ya nchi hiyo, unataka kila mtoto kuanzia miaka mitatu apimwe presha mara moja kwa mwaka. Kila mtoto, hata mwenye wazazi wazima kama chuma. Wengi hushangaa kusikia kwamba presha ya mzazi peke yake haibadilishi ratiba hiyo. Kinachomfanya apimwe kila anapofika kliniki ni unene uliokithiri, kisukari, ugonjwa wa figo, kasoro ya mshipa mkuu utokao kwenye moyo, au dawa nilizozitaja. Mtoto wako akiwa na mzazi mwenye presha pamoja na mojawapo ya hayo, basi yumo.

Chini ya miaka mitatu hupimwa wenye sababu: aliyezaliwa kabla ya wiki 32, mwenye tatizo la moyo la kuzaliwa nalo, mwenye ugonjwa wa figo na kadhalika.

Sasa ukweli wa mambo. Kliniki nyingi humpima mtoto uzito, urefu na joto, presha ikarukwa. Itabidi uombe, na usione haya: "Samahani dada, mimi nina presha tangu nikiwa kijana. Naomba na mtoto apimwe, kwa mkanda wa saizi yake." Hayo maneno matano ya mwisho ndiyo muhimu.

Hatua ya nne: mpime sawasawa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo namba nyingi zinapoharibika.

Anza na mkanda. Usiamini maandishi ya "mtoto" au "mtu mzima" yaliyochapwa juu yake. Mikono haisomi maandishi. Chukua utepe wa fundi cherehani. Mkono wa mtoto ukiwa umekunjwa, tafuta ncha ya mfupa wa bega na ncha ya kiwiko, weka alama katikati, kisha pima mzunguko wa mkono mahali hapo. Ndani ya mkanda kuna mfuko wa mpira unaojaa hewa, na huo ndio unaopimwa, kitambaa usikihesabu. Upana wake uwe angalau asilimia 40 ya mzunguko wa mkono, na urefu wake asilimia 80 hadi 100. Mkono wenye mzunguko wa sentimita 20 unataka mfuko wenye upana wa 8 au zaidi kidogo, na urefu kati ya 16 na 20. Mkanda mdogo hupandisha namba, mkubwa huishusha. Kijana mnene wa miaka kumi na nne anaweza kuhitaji mkanda mkubwa wa watu wazima, na akifungwa ule wa watoto atatoka hapo na ugonjwa asiokuwa nao.

Mkono uwe wa kulia. Sababu ni mbili. Kwanza, majedwali ya presha za watoto yametokana na mkono huo. Pili, ipo kasoro ya kuzaliwa nayo ambapo mshipa mkuu wa moyo unabanwa sehemu moja, na mkono wa kushoto unaweza kusoma chini wakati kichwa na mkono wa kulia vinabeba presha kubwa. Ukipima kushoto, unaweza kuipita kasoro hiyo bila kuiona.

Mtoto aende haja ndogo kwanza. Kama ametoka kukimbia au kunywa kinywaji chenye kafeini, ngoja. Akae dakika tatu hadi tano akiwa ametulia, mgongo umeegemea, miguu haijapishana na imekanyaga kitu. Mdogo ambaye miguu inaning'inia mwekee kigoda au boksi. Mkono uwe wazi. Mkono wa shati uliokunjwa mpaka ukabana kwapa ni mkanda wa pili, vua kabisa. Kiwiko kilale juu ya meza ili sehemu iliyofungwa mkanda iwe usawa wa moyo.

Halafu kimya. Si cha mtoto tu. Mara ya pili tulipokwenda kumpima mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa nikimuuliza maswali ya kumtuliza: unaumia? unaogopa? mashine inabana? Naye anajibu. Nesi akaniambia kwa upole, "Baba, tunyamaze wote." Kuongea kunapandisha namba. Akilia, acha, namba ya mtoto anayelia ni ya kilio. Wa miaka mitatu anaweza kukaa mapajani pa mzazi, mkono ukiwa umeegemezwa.

Mashine ya umeme inafaa kwa kuanzia. Ikisoma juu, lakini, kipimo cha kuthibitisha kichukuliwe kwa sikio, yaani mtu asikilize kwa stethoskopu huku hewa ikitolewa taratibu, njia aliyoieleza daktari Mrusi Nikolai Korotkov mwaka 1905. Ni ya zamani, na wengine huiona ya kizamani, ila majedwali ya watoto yalijengwa kwa namba za sikio, na mashine hukadiria kwa hesabu zake yenyewe. Mashine za kufunga kwenye kifundo cha mkono kwa mtoto usizinunue.

Namba ya kwanza ikiwa juu ya kiwango nitakachokitaja hapa chini, rudia mara mbili papo hapo na uchukue wastani. Ndivyo tulivyofanya na zile 109 kwa 70. Ya pili ilikuwa 104 kwa 66, ya tatu 102 kwa 65. Wastani: 105 kwa 67. Kwa mvulana wa miaka saba, hiyo ni chini ya mstari, japo kwa unywele.

Hatua ya tano: isome namba kwa umri, jinsia na urefu

Mtu mzima ana namba moja anayoikariri. Mtoto hana, kwa sababu presha hupanda kadiri anavyokua, na mrefu huwa juu kidogo kuliko mfupi wa umri wake. Madaktari hufanya hivi: wapange watoto 100 wa umri mmoja, jinsia moja na urefu unaolingana, kuanzia mwenye presha ndogo hadi mwenye kubwa. Aliye chini ya nafasi ya 90 ni wa kawaida. Kuanzia 90 mpaka kabla ya 95, presha imeinuka. Kuanzia 95, ikijirudia hivyo siku tatu tofauti, ni presha ya kupanda.

Nyumbani huhitaji jedwali zima. Mwongozo ule wa 2017 una orodha fupi ya kuchuja. Ukifika au kuzidi mojawapo ya namba hizi, ya juu au ya chini, maana yake ni kwamba mtoto apimwe vizuri na daktari. Haimaanishi kwamba ana ugonjwa:

- Miaka 3: mvulana 101 kwa 58, msichana 102 kwa 60
- Miaka 5: mvulana 103 kwa 63, msichana 104 kwa 64
- Miaka 7: wote 106 kwa 68
- Miaka 9: mvulana 107 kwa 70, msichana 108 kwa 71
- Miaka 11: mvulana 110 kwa 74, msichana 111 kwa 74
- Miaka 12: mvulana 113 kwa 75, msichana 114 kwa 75
- Miaka 13 na kuendelea: wote 120 kwa 80

Namba hizi zimewekwa chini makusudi, kwa kipimo cha mtoto mfupi, ili asipite mtu. Mtoto mrefu anaweza kuzizidi kidogo na bado akawa wa kawaida kwenye jedwali kamili. Ndiyo maana urefu upimwe siku hiyohiyo. Wa mwaka jana hautoshi.

Kuanzia miaka 13 mambo ni mepesi: chini ya 120 kwa 80 ni kawaida, namba ya juu ikiwa 120 hadi 129 na ya chini haijafika 80, imeinuka, 130 kwa 80 na zaidi ni presha ya daraja la kwanza, 140 kwa 90 na zaidi ni daraja la pili. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2016 huendelea kutumia majedwali mpaka miaka 16, kwa hiyo usishtuke madaktari wawili wakimpa kijana mmoja jina tofauti kwa namba ileile. Uliza tu anatumia mwongozo upi.

Hatua ya sita: namba ikibaki juu

Usikimbilie kidonge, na kabisa usimpe mtoto kidonge chako. Dozi yako ni ya mwili wako, na zipo dawa za presha ambazo hazifai kwa msichana anayeweza kupata mimba.

Presha iliyoinuka tu hurudiwa baada ya miezi sita, huku mkirekebisha chakula na mazoezi. Daraja la kwanza bila dalili hurudiwa baada ya wiki moja au mbili, na ikibaki hapo, tena baada ya miezi mitatu, ndipo uchunguzi na matibabu yaamuliwe. Daraja la pili halisubiri zaidi ya wiki moja.

Wapo watoto ambao presha hupanda wakiona koti jeupe tu. Kwao, na kwa wengi wanaokaribia kuandikiwa dawa, kipimo kizuri kuliko vyote ni mashine ndogo inayofungwa kiunoni na kupima yenyewe kwa saa 24, hata usingizini. Inafaa kuanzia kama miaka mitano, na inafichua mengi. Ukiambiwa ipo, ikubali, hata kama mtoto atalalamika usiku mmoja.

Hapa ile karatasi ya ukoo inarudi kufanya kazi. Mtoto wa miaka sita na zaidi, mwenye mzazi au babu mwenye presha, aliye mnene, na ambaye daktari hajaona kitu kingine cha kutilia shaka, kwa kawaida hahitaji msururu wa vipimo vya kutafuta sababu iliyojificha. Mkojo, damu ya kuangalia figo na chumvi zake, mafuta ya damu na sukari vinatosha kuanzia. Mtoto wa chini ya miaka sita ni habari nyingine. Kwake sababu ya figo, moyo au homoni hutafutwa kwa bidii, na ultrasaundi ya figo haikwepeki, hata kama ukoo mzima una presha. Ukimsikia mtu anasema "ah, ni ya kurithi" kwa mtoto wa miaka minne, omba daktari mwingine amwone. Aguswe pia mapigo ya kwenye kinena. Yakiwa dhaifu kuliko ya mkononi, au presha ya mguu ikiwa chini kuliko ya mkono, huenda ni ule mshipa uliobanwa.

Presha ya mtoto kwa kawaida haina dalili yoyote. Lakini kichwa kinachouma vikali pamoja na kutapika, kuona ukungu, kuchanganyikiwa, degedege, kubanwa pumzi au kifua, hizo hazingoji miadi. Vivyo hivyo kwa uso uliovimba asubuhi pamoja na mkojo wa rangi ya chai, hasa wiki chache baada ya koo kuuma au vidonda vya ngozi: figo zinawaka. Na kijana mwenye 180 kwa 120 aende hospitali saa hiyohiyo hata kama anacheka.

Hatua ya saba: chungu kimoja

Wewe mwenye presha ulishaambiwa upunguze chumvi. Usipike vyungu viwili, kimoja cha mgonjwa na kimoja cha wazima. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na mtoto apungue zaidi kulingana na anavyokula. Chumvi nyingi imejificha kwenye vyakula vya paketi. Pakiti ikiandika sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa mbili na nusu: gramu 2 za sodiamu ni gramu 5 za chumvi. Ile chumvi mbadala yenye potasiamu usimpe mtoto mwenye shida ya figo, wala usiitumie wewe mwenyewe bila kuuliza kama uko kwenye dawa zinazobakiza potasiamu mwilini.

Kwa mwendo, mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kucheza mpaka ahemee. Usingizi: saa 9 hadi 12 kwa wa miaka 6 hadi 12, saa 8 hadi 10 kwa kijana. Anayekoroma sana aangaliwe tonses na nyama za pua, maana pumzi inayokatika usiku hupandisha presha ya mchana. Akiwa mnene, mwache arefuke huku uzito ukitulia. Mtoto anayekua ana nafasi ambayo mimi na wewe hatuna.

Hatua ya nane: vidonge vyako

Hii sijaiona ikitajwa inavyostahili. Nyumba yenye mgonjwa wa presha ina dawa ambazo kwa mtoto mdogo ni sumu. Amlodipini, nifedipini, klonidini na jamaa zake: kidonge kimoja au viwili vinaweza kumhatarishia maisha mtoto wa miaka miwili. Kile kiboksi cha siku saba chenye vifuniko vya rangirangi ni rahisi kwako kukifungua, na kwake pia. Weka juu, na pafungwe. Akimeza, usisubiri dalili, kwa sababu vile vya kuyeyuka polepole huchelewa kuzionyesha. Usimtapishe. Mpeleke hospitali na pakiti yenyewe mkononi.

Daftari

Mwisho, nunua daftari la shule la kawaida. Kila anapopimwa andika tarehe, umri, urefu, uzito, mkono upi, mkanda wa saizi gani, namba zote tatu na wastani wake. Namba moja ya leo haina maana kubwa, ila sita za miaka sita zina mwelekeo, na daktari mpya akikuta mwelekeo hutumia muda wake vizuri zaidi. Mtoto mwenyewe aelezwe kwa lugha yake. Wangu nilimwambia kwamba bomba lenye maji mengi mno huchakaa mapema, basi tunaangalia yake yanapitaje. Hakuogopa. Aliuliza tu kama langu limeshachakaa.

Sasa ana miaka kumi na miwili, na kurasa za karibuni ameziandika yeye. Mara ya mwisho tulipopima ilikuja 116 kwa 72, akaweka nyota pembeni na kuandika: "nimetoka kukimbizana na mbwa." Tukakaa dakika tano bila kusema neno, tukapima mara mbili tena. 108 kwa 68. 106 kwa 67. Wastani wake ni 110 kwa 69, na ndio alioupigia mstari.